Kahawa Ndani ya Uji

Sitalike, Mpanda
8 Februari 1976

Mpendwa Mama mdogo Eufrazia,

Shikamoo, na baba mdogo Kalisti naye shikamoo yake. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, ubao wa kukatia mboga ukiwa ndio meza yangu. Sisi wa huku tuko salama. Baba bado yuko kambini na wenzake, wanafyeka barabara ndani ya mbuga ya wanyama. Anakuja mwisho wa mwezi, analala siku chache, anarudi. Mbuzi amezaa mapacha. Mvua ni nzuri na mpunga wetu wa kule bondeni umefika magotini. Jirani Katarina anakusalimu, anasema umetusahau kabisa tangu uolewe Bukoba.

Mama hajambo, ila anachoka upesi. Akitoka shamba anavunja udongo wa kichuguu njiani na kuula. Vilevile kuna habari ya hapa nyumbani ambayo si ya mtoto kuiandika, na mwenye kalamu hapa ni mimi peke yangu. Itajionyesha yenyewe mwezi wa saba, Mungu akipenda.

Sasa mzigo wako. Uliletwa na Antoni wa reli. Alisema ulisafiri kwa meli hadi Mwanza, ndipo ukapanda treni. Lakini barua yako ililowa melini na wino ukatoka wote, kwa hiyo tulipata mzigo bila maneno. Tulifungua majani makavu ya mgomba tukakuta punje nyeusi ngumu zinazonukia moshi na majani tusiyoyajua.

Mama alinusa akasema, "Mdogo wangu ametuletea mbegu. Tutazipanda wapi?"

Antoni akacheka mpaka akashika mlango. "Nyie watu wa Sitalike! Hiyo kahawa. Kule wanaila. Niliwaona wapagazi wa bandarini, mtu anatia punje mdomoni halafu anabeba magunia kutwa, hasemi hata kwamba mgongo unamuuma."

"Inaliwaje?" Mama aliuliza.

"Mimi niliona mikono ikienda mdomoni tu, mama. Treni haikunisubiri nione zaidi."

Basi tukafikiri wenyewe. Hapa kwetu kitu kigumu kinaingia kinuni. Tulitwanga, tukachekecha, na Mama akamimina viganja viwili vya unga wa kahawa ndani ya uji wa ulezi. Uji ukawa mweusi kama tope la bondeni. Ulikuwa mchungu, tukaongeza chumvi, ukazidi kuwa mbaya. Mama akasema kitu kilichotoka mbali namna hiyo hakimwagwi, tukanywa.

Mama mdogo, sijui nikuelezeje. Tulikwenda kupalilia, na Mama, ambaye juzi alikaa chini ya mti kila baada ya mstari mmoja, siku hiyo aliinama asubuhi na kuinuka jua likiwa la utosi. Magugu yaliruka nyuma yake. Aliimba. Nilimtazama nikaona kama ni mtu mwingine aliyevaa khanga ya Mama yangu, nikamwogopa kidogo, kisha nikafurahi sana.

Mimi nilikuwa nimekunywa bakuli dogo. Kwanza sikusikia kitu. Halafu kila kilichokuwa mbele yangu kikawa kama kimeoshwa. Nilimwona siafu na miguu yake yote. Nilisikia viboko wa mto Katuma wakikoroma kana kwamba wamo ndani ya sikio langu. Vidole vyangu vilitetemeka, na nilipolala niliusikia moyo wangu ndani ya mkeka, unagonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Sikujua kuwa ndani yangu kuna kitu chenye nguvu kiasi hicho.

Punje yenyewe ni ndogo kuliko harage. Nguvu hiyo inakaa wapi ndani yake? Ni dawa, au ni chakula? Mama anauliza pia kama mtu akiinywa siku za Kwaresima anahesabiwa amefunga au amekula. Tafadhali tujibu.

Mimi mwanao,
Emerensiana


Kamachumu, Bukoba
21 Machi 1976

Mwanangu Emerensiana,

Marahaba, na tena marahaba. Barua yako imetufikia juzi, imechoka kama msafiri. Huku tuko wazima. Baba yako mdogo bado anafundisha darasa la nne na bado anakohoa chaki. Migomba imezaa, mvua haitaki kutuacha, nyumba inanuka unyevu kila pembe.

Nilimsomea Kalisti habari ya uji wenu, akatoka nje kucheka asije akaanguka kitini. Wakwe zangu sasa wanataka kuwaona ninyi watu mnaokula kahawa kwa bakuli! Mwanangu, kahawa ile haitwangwi. Huku huchemshwa na majani yanayonukia, huanikwa, kisha huwekwa ndani ya kikapu kidogo. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa habari, anapewa punje mbili tatu atafune taratibu. Ni heshima. Mzee atatafuna chache asubuhi akizungumza na wenzake. Viganja viwili ndani ya sufuria moja sijawahi kusikia tangu nije huku.

Lakini kama imempa dada yangu nguvu, basi moyo wangu umetulia. Yeye tangu utoto hakujua kupumzika. Na huo udongo mwambie aache, maana alikuwa akiula hata tulipokuwa wasichana, na mama yetu akimchapa kwa ajili hiyo.

Sasa wewe. Habari isiyoandikwa na mtoto, itakayojionyesha mwezi wa saba! Ulidhani sitajua? Umemaliza shule, umekuwa msichana mkubwa, na watu wameleta posa. Ni nani? Ni wa Kabungu au wa mjini Makanyagio? Kwa nini umeona haya kwangu? Ninafurahi, ingawa nilitamani kwanza nisikie matokeo yako ya darasa la saba, ambayo nayo hukuyataja. Kwa ajili ya wageni wa posa nimetuma kikapu kizima cha kahawa, kikubwa mara nne ya ule mzigo wa kwanza. Itakayobaki Mama atumie shambani wakati wa ndege.

Uliniuliza nguvu inakaa wapi ndani ya punje. Sijui. Mimi mwenyewe siku hizi sitafuni. Usiniulize kwa nini.

Mama yako mdogo,
Eufrazia


Sitalike, Mpanda
25 Aprili 1976

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Pasaka ilipita vizuri. Padre alikuja, watoto sita walibatizwa, na wali ulikuwepo, ingawa ni wa mpunga wa mwaka jana. Baba alikuja siku tatu. Mbuzi mmoja kati ya wale mapacha alichukuliwa na fisi. Katarina anauliza kama huko Bukoba kuna mtu anayejua kucheka kama wewe.

Kikapu kimefika. Mama mdogo, mimi sijachumbiwa! Niliposoma barua yako kwa sauti mbele ya Mama na Katarina nilifika hapo nikafunika uso kwa karatasi. Katarina alipiga vigelegele, akaniita bibi harusi wiki nzima, mpaka kisimani. Habari niliyokuwa naisema ni ya Mama. Gauni lake la Jumapili nimelifumua ubavuni na kuongeza kitambaa, na sasa nimelifumua tena. Naomba uelewe hapo, nisiandike zaidi. Mkono wangu unakataa.

Matokeo nitakuambia siku nyingine.

Ndege wamekuja. Unawakumbuka kweleakwelea? Wanatokea upande wa mbuga kama moshi wenye sauti, wakitua mpunga unainama wote kwa pamoja. Tunakaa shambani tangu kabla ya jua mpaka linapozama, Mama kwenye kichanja cha katikati, mimi pembeni na kopo la mawe. Mama anapiga kelele, mimi natikisa kopo. Unajua sauti yangu haitoki mbele za watu. Hata mbele ya ndege naona haya.

Mimi na Katarina tulimwambia Mama kuwa kahawa ni punje mbili tatu. Akasema hizo ni za wageni waliokaa kitini, na yeye hayuko kitini. Sasa anaitia ndani ya uji asubuhi, anaichemsha mchana kwenye kopo hapo hapo shambani, na jioni anatafuna akirudi. Chakula hakitaki tena. Anasema kahawa imeshamshibisha. Na kweli, Mama mdogo, nguvu zake zinatisha. Watu wa mashamba ya jirani wanasimama kumtazama. Katarina alimpigia kelele kutoka ng'ambo, "Skolastika! Umemeza kichwa cha treni?" Mama akajibu, "Nimemeza na mabehewa!" na wote wakacheka.

Lakini jioni nikimpa maji, kikombe kinagonga meno yake. Hasinzii. Anasema moyo unakwenda kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Jana aliposimama ghafla alishika bega langu, akasema dunia imezunguka kidogo, na kwamba nisiseme. Kwa hiyo sijasema kwa mtu yeyote ila kwako.

Anafanya hivi kwa sababu yangu. Baba amesema mpunga ukitoka vizuri nitakwenda kwa masista Mpanda kujifunza kushona. Kila ndege anayefukuzwa, Mama ananiambia, "Huyo alitaka kula sindano yako." Nakaa pale na kopo langu, nashangaa nguvu ya mtu mmoja inavyoweza kusimama dhidi ya ndege wa mbuga nzima. Pia naogopa, na sijui kama kuogopa huko ni kukosa shukrani.

Niambie tafadhali. Kahawa inaweza kumdhuru mtu aliye katika hali ya Mama?

Mwanao,
Emerensiana


Kamachumu, Bukoba
19 Mei 1976

Mwanangu,

Leo salamu zitakuja mwisho. Barua yako imefika sasa hivi, na Kalisti amepanda baiskeli tayari kuiwahisha hii posta.

Mwambie Mama aache kahawa. Aache yote, ya uji, ya kopo, ya kutafuna. Kikapu kitoe nje ya nyumba. Mpeleke zahanati hata kama anasema ni mzima, hasa akisema ni mzima.

Tangu wewe uzaliwe ni miaka kumi na sita, wala Mungu hakumpa mwingine. Ningewezaje kufikiri? Nilisoma "anachoka", nilisoma "udongo", nilisoma "mwezi wa saba", nikaona harusi, kwa sababu nilitaka harusi. Kisha nikatuma kikapu kizima.

Nilikuambia usiniulize kwa nini sitafuni. Mwanangu, mimi nimebeba mara mbili huku na zote mbili hazikufika. Sijamwandikia dada yangu. Nani angemsomea barua hiyo, kama si wewe? Mara ya pili mama mkwe alinikuta natafuna kahawa asubuhi, mchana na jioni, maana nilikuwa na kazi nyingi na nilitaka waone kuwa mtu wa Mpanda si mvivu. Alininyang'anya. Alisema moyo wa mwenye mimba unafanya kazi ya watu wawili na haufai kuchapwa. Sijui kama ni kahawa iliyoniharibia. Daktari alisema hawezi kusema ni hiyo, na hawezi kusema si hiyo. Lakini tangu siku ile sijaitia mdomoni.

Nimeandika neno mimba, unaona? Karatasi haikuungua. Wewe nawe liandike.

Salamu kwa wote. Nijibu upesi.

Eufrazia


Sitalike, Mpanda
23 Mei 1976

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na siwezi kulisubiri. Baba hajarudi. Watu wengine wote wazima. Nitaandika taratibu ili nisikuogopeshe: Mama yuko hai, yuko ndani, amelala.

Jumatatu Mama alianguka kutoka kwenye kichanja. Si kirefu, na aliangukia majani. Alikuwa katikati ya kupiga kelele, sauti ikakatika, nikageuka nikaona kichanja kitupu. Nilipomfikia macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Nilimwekea sikio kifuani. Moyo ulikuwa unakimbia na kujikwaa.

Nililia kwa nguvu mpaka Katarina akaja. Tulimkalisha kwenye baiskeli ya mume wake, Katarina akashika usukani, mimi nikamkumbatia kwa nyuma tukasukuma hadi zahanati.

Nesi anaitwa Nyanzala, ni mgeni hapa, mtu wa Shinyanga. Watu walikuwa wengi kwenye benchi, wanaume pia. Nesi aliuliza, "Mimba ya miezi mingapi?" Mama hakuwa na pumzi ya kujibu. Katarina alikuwa nje na baiskeli. Kila mtu akanitazama. Mama mdogo, unajua nilivyo. Shuleni mwalimu akiniuliza jina langu nilikuwa nalisemea mezani. Nikafungua mdomo nikasema, "Mimba ina miezi saba. Anakunywa kahawa kila siku mara tatu, na hali chakula." Nilisema kwa sauti kubwa hata mzee mmoja benchini akasema, "Huyu mtoto amesikika mpaka Mpanda."

Nesi alitaka kuiona kahawa yenyewe. Mama alikuwa nayo kwenye pindo la khanga. Aliinusa, akaniuliza tunaipikaje, nikamweleza habari ya kinu. Hakucheka. Alivuta chini kope ya Mama na ndani palikuwa peupe kama ganda la yai.

"Damu imepungua sana," alisema. "Chakula hali, na kahawa akiinywa pamoja na uji inazuia hata ile nguvu kidogo ya kuongeza damu iliyomo kwenye uji. Kulala halali. Mama, wewe ulikuwa umechoka zamani sana, ila hii ilikuwa inakuficha usijue."

Mama akasema polepole, "Lakini ilinipa nguvu, nesi. Kila mtu aliona."

"Nguvu ilikuwa yako mwenyewe. Hii ilikuwa inakuambia uitumie yote leo."

Halafu alichukua kitu cha mti kama tarumbeta fupi, upande mmoja mpana, akakiweka tumboni kwa Mama na kuinamisha sikio. Alisikiliza. Akahamisha, akasikiliza tena. Niliona uso wake haubadiliki, nikasema moyoni, basi, amekwisha. Sijawahi kusubiri kitu namna ile. Kisha akainua kichwa akanitazama, nadhani aliona nilivyokuwa, akasema, "Njoo usikie."

Niliinama. Kwanza nilisikia sikio langu tu. Halafu kwa mbali sana, chini ya kila kitu, nikasikia. Tik tik tik tik, upesi upesi, kama vifaranga wanaodonoa nafaka juu ya bati. Mama mdogo, alikuwepo mtu! Wakati wote tulipokuwa shambani, tukinywa uji mweusi, tukifukuza ndege, tukicheka na Katarina, mtu alikuwa pale kati yetu, anafanya kazi yake gizani bila kupumzika, na hakuna aliyemsalimu. Sisi tulikuwa tunaona haya hata kumtaja.

Nikauliza, "Anakimbia hivi kwa sababu ya kahawa?"

Hapo ndipo nesi alipocheka. "Wote wanakimbia hivyo, ndivyo walivyo. Huyu yuko vizuri kwa leo. Ninayemhofia ni mama. Moyo wake ukichoka, wa mtoto utamtegemea nani?"

Ametupa vidonge vya kuongeza damu. Amesema mboga za majani kila siku, maini tukiyapata, kulala mchana, na kahawa asiiguse tena. Akatuonya kuwa siku za kwanza kichwa kitamuuma.

Hakusema kitamuuma kiasi gani. Siku ya pili Mama alifunga kichwa kwa khanga akakaa ukutani akilia. Aliniita, "Emerensiana, nipe punje moja tu, kichwa kitulie. Moja. Mimi ndiye mama yako." Katarina alikuwa amekwisha kuchukua kikapu kwake, lakini nilikuta punje chache zimeanguka kwenye mkeka, na nilikuwa nazo mkononi wakati ananiomba. Sijawahi kumkatalia Mama kitu. Nilitoka nikazitupa chooni, nikarudi nikamwambia, "Hakuna, Mama." Aliniita mtoto mwenye roho ngumu. Jana kichwa kimepoa, akalala tangu saa nne asubuhi mpaka jioni, akaamka akaomba ugali.

Sasa niko peke yangu shambani. Kopo peke yake haliwatoshi. Siku ya kwanza upande wote wa chini ulikwenda nikitazama. Siku ya pili nilipanda kichanja cha Mama, nikafumba macho, nikapiga kelele. Sikuijua sauti iliyotoka. Ndege waliinuka wote kwa mara moja, jua likapotea kidogo juu yangu.

Matokeo niliyokuficha ni kwamba sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nimeona niandike yote leo, maadamu nimeanza.

Mwanao,
Emerensiana


Kamachumu, Bukoba
27 Juni 1976

Mwanangu,

Barua zetu zilipishana njiani, yangu ikija na yako ikienda. Nimeisoma yako mara nyingi, na ile sehemu ya tarumbeta nimemsomea mama mkwe kwa Kihaya. Alisema tu, "Huyo msichana amebarikiwa sikio."

Kutochaguliwa si aibu. Wangapi walichaguliwa shuleni kwenu?

Sitatuma kitu safari hii ila vitambaa laini, unajua vya nini. Niandikie mara tu. Hata kama habari ni mbaya, niandikie. Nimekaa karibu na mlango kila siku ya posta mpaka watoto wa jirani wananicheka.

Mwambie dada yangu habari yangu, ile ya mara mbili. Umsomee kama nilivyoiandika.

Eufrazia


Sitalike, Mpanda
18 Julai 1976

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Sote tuko salama, na safari hii neno sote ni kubwa kuliko lilivyokuwa. Mama amejifungua Jumapili iliyopita, zahanati, mchana, mikononi mwa nesi Nyanzala. Ni mtoto wa kiume. Alitoka mdogo, mwenye mikunjo, analia kwa hasira. Baba amemwita Melkior. Mama alitoka damu, si nyingi, na nesi alisema kama angekuja na damu ile ya mwezi wa tano, tusingekuwa tunazungumza. Anakula. Anakasirika nikichelewesha chakula, nami nafurahi akikasirika.

Hakuna aliyechaguliwa shuleni kwetu ila wavulana wawili.

Nilimsomea Mama habari yako. Nilisoma yote, sikuruka neno. Alininyang'anya karatasi, ingawa hawezi kuisoma, akaiweka kifuani chini ya mtoto, ikakaa hapo hadi jioni. Akasema nikuambie kwamba angekuja, kama angejua angekuja hata kwa miguu. Ameomba msamaha kwa kutokujua.

Mpunga tumevuna. Upande wa chini ndege wamekula, wa juu umesalia. Baba alitazama magunia akasema habari ya masista tutaiona mwakani. Sikuhuzunika kama nilivyodhani.

Leo tunapura. Watu wamejaa uwanjani kwetu, fimbo zinapiga mpunga, Katarina anaongoza wimbo na kuwatukana wanaume wanaochoka. Vumbi na kelele, huwezi kumsikia mtu aliye kando yako. Mama amekaa kivulini na mtoto kwenye mkeka. Mimi nimeachiwa nimfukuzie mtoto nzi wakati Mama anakula, ndiyo maana naandika.

Melkior amelala, Mama mdogo. Fimbo zinatikisa ardhi chini yake, mdomo wake uko wazi, mkono mmoja umefunguka kabisa kama mtu aliyeweka chini mzigo. Nimewaona watu wengi wamelala, ila sikuwahi kutazama usingizi wenyewe. Unaingia na kutoka tumboni mwake, unampandisha na kumshusha, na hakuna tulichompa ili aupate. Nimeinama mpaka pumzi yake inanigusa shavu. Wananiita nikapepete, nami sitaki kuondoka.

Mwanao,
Emerensiana